Jinsi ya kupima na kurekebisha roboti ya kripto kabla hujaikabidhi hela yako

Kila ninapoonyeshwa hapa Arusha roboti mpya ya kripto, yaani programu inayonunua na kuuza sarafu za mtandaoni yenyewe, kitu cha kwanza kutolewa kwenye simu ni mchoro wa faida unaopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Mchoro huo haunisaidii chochote. Yeyote mwenye kompyuta na jioni moja ya bure anaweza kuupata, maana soko la jana tayari linajulikana. Mimi huuliza swali moja tu: umeijaribu vipi hadi ikashindwa? Majaribio yapo kwa ajili ya kutafuta sababu ya kuikataa roboti mapema, wakati bado inacheza na hela za kuigiza. Ukitafuta kwa bidii ukakosa, hapo ndipo mazungumzo ya mtaji yaanze.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kufungua terminali na kuhariri faili bila kuogopa. Mifano yangu inatumia Freqtrade, programu huria ya bure iliyoandikwa kwa Python, lakini hatua ni zilezile hata kama umeandika roboti yako mwenyewe. Nazungumzia soko la papo kwa papo tu, yaani unanunua sarafu yenyewe kwa hela uliyonayo, bila levereji (hela ya kukopa ya kukuza oda). Mwenye levereji na roboti ambayo haijapimwa, mwongozo huu umemchelewa.

Na kama roboti yako uliuziwa kwenye grupu la WhatsApp kwa ahadi ya asilimia 1 kila siku, piga hesabu kabla ya kusoma zaidi. Asilimia 1 kwa siku, faida ikiachwa ndani, hukuza mtaji karibu mara 38 kwa mwaka. Laki tano inakuwa takriban milioni 18.9. Mwenye mashine ya namna hiyo hana haja ya laki tano yako.

Anza na gharama, mkakati utafuata

Watu huanza na viashiria, yaani hesabu zinazotokana na bei zilizopita: RSI, wastani unaosogea, na kadhalika. Mimi naanza na kalkuleta, kwa sababu roboti nyingi huuawa na makato hata pale mkakati wenyewe si mbaya.

Chukua mtaji wa dola 200. Tuseme roboti inaingia sokoni mara 6 kwa siku, kila mara kwa dola 40. Binance, soko la mtandaoni la sarafu hizi, humtoza mteja wa kawaida asilimia 0.1 akinunua na asilimia 0.1 akiuza. Kwa dola 40 hiyo ni senti 8 kwa kuingia na kutoka. Inaonekana si kitu. Zidisha mara 6 kwa siku, kisha siku 30, unapata dola 14.40, ambazo ni asilimia 7.2 ya mtaji wako kila mwezi. Ongeza pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, pamoja na bei kuteleza kabla oda yako haijafika. Ukikadiria asilimia 0.05 kila upande, hizo ni dola nyingine 7.20. Seva ya kukodi ya dola 6 kwa mwezi inachukua asilimia 3 yake. Jumla ni dola 27.60. Roboti inatakiwa itengeneze asilimia 13.8 kwa mwezi ili ubaki pale ulipoanzia.

Sasa chukua roboti inayotumia mishumaa ya saa 4 (mshumaa mmoja ni muhtasari wa bei za kipindi kimoja: ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga) na kuingia mara 12 tu kwa mwezi, kwa dola 40 zilezile na makato yaleyale. Gharama ya soko inakuwa dola 1.44. Ndiyo sababu mtu mwenye mtaji mdogo namshauri aende na roboti ya polepole, hata kama inachosha kuitazama. Roboti ya saa 4 inaweza pia kukaa kwenye laptopu ya zamani nyumbani, ukaokoa hela ya seva, ili mradi ukubali masharti ya umeme nitakayoyataja mbele.

Makato ya kuingiza na kutoa shilingi nayo yamo. Ukinunua USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwa mtu binafsi kupitia M-Pesa au Airtel Money, angalia bei mbili siku hiyohiyo: ya kununulia na ya kuuzia. Tuseme ni shilingi 2,650 na 2,600. Umepoteza karibu asilimia 1.9 kabla roboti haijawashwa, ukiacha makato ya kutuma na kutoa. Na usipokee malipo kutoka namba yenye jina tofauti na la mtu unayefanya naye biashara, hata akikwambia ni ya dada yake.

Kuhusu sheria, nitasema kwa ufupi. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba biashara na matumizi ya sarafu mtandao ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko haya, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo weka kumbukumbu za kila oda tangu siku ya kwanza, na usiingize hela ambayo ikikwama huna pa kuidai.

Andika kanuni kwenye karatasi

Kabla ya kuandika msimbo wowote wa programu, andika kwa Kiswahili cha kawaida: naingia lini, natoka lini nikiwa na faida, natoka lini nikiwa na hasara, naweka kiasi gani. Ukishindwa kuimaliza kwa sentensi nne, mkakati wako una vigezo vingi mno. Mfano nitakaoubeba hadi mwisho ni huu: ingia wastani wa haraka (wa bei za mishumaa michache ya karibuni) unapovuka juu ya wastani wa polepole (wa mishumaa mingi) kwenye mshumaa wa saa 4, toka unapovuka kurudi chini, hasara ikifika kikomo, toka bila maswali.

Kiasi cha kuweka kitokane na hasara unayoweza kuvumilia. Ukiwa na dola 200 na unakubali kupoteza asilimia 1 kwa oda moja, hiyo ni dola 2. Kikomo cha hasara kikiwa asilimia 4 chini ya bei ya kununulia, gawanya 2 kwa 0.04: oda yako ni ya dola 50. Kikomo kikiwa asilimia 8, oda ni dola 25. Kumbuka soko lina kiwango cha chini cha oda, mara nyingi dola 5 au 10 kutegemea jozi, yaani sarafu mbili zinazobadilishwa, mfano BTC/USDT.

Data

Pakua data nyingi kuliko unavyodhani unahitaji:

freqtrade download-data --exchange binance --pairs BTC/USDT ETH/USDT --timeframes 4h 5m --timerange 20200101-

Data ianze kabla ya Machi 2020 ili roboti ionje tarehe 12 ya mwezi huo, siku ambayo Bitcoin ilishuka kutoka karibu dola 8,000 hadi chini ya 5,000. Humo humo kuna kupanda kwa 2021, kushuka kwa 2022, na kupanda tena hadi kuvuka dola 100,000 Desemba 2024. Roboti iliyopimwa kwenye mwaka wa kupanda peke yake haijapimwa. Mwaka kama huo hata aliyenunua akalala alipata.

Kama unatumia bando la simu, usipakue mishumaa ya dakika 1 bila kufikiri. Mwaka una dakika 525,600, hivyo miaka mitano ni zaidi ya mishumaa milioni 2.6 kwa kila jozi. Mishumaa ya dakika 5 inatosha kwa kazi yetu.

Kuna mtego kwenye kuchagua sarafu. Ukichukua sarafu 20 zinazovuma leo ukazipima kuanzia 2020, umechagua washindi baada ya mechi kuisha. LUNA ilikuwa juu ya dola 80 mwanzoni mwa Mei 2022, na ndani ya takriban wiki moja ikawa chini ya senti moja. Mtu aliyekuwa anachagua sarafu mwaka 2021 angeiweka kwenye orodha yake bila kusita. Baki na BTC (Bitcoin) na ETH (Ethereum) mpaka roboti ikomae.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: tenga data yote kuanzia Januari 2024 na usiiguse. Usiitazame, usiichore, usijaribu "mara moja tu". Hiyo ndiyo mahakama ya mwisho, na inasikiliza kesi mara moja.

Jaribio la nyuma (kwa bei zilizopita), na jinsi linavyodanganya

freqtrade backtesting --strategy MkakatiWangu --timeframe 4h --timeframe-detail 5m --timerange 20200101-20231231 --fee 0.0015

Hiyo 0.0015 ni asilimia 0.1 ya makato na 0.05 ya kuteleza, na programu huitoza mara mbili, kuingia na kutoka. Usipoandika chochote, programu hutumia makato ya kawaida ya soko na kudhani bei haitelezi kamwe. Kipande cha --timeframe-detail nacho ni cha lazima. Ndani ya mshumaa mmoja wa saa 4, bei inaweza kugusa lengo la faida na kikomo cha hasara pia. Mshumaa wenyewe hausemi kipi kilitangulia, hivyo programu hubaki kukisia. Ukiipa mishumaa ya dakika 5 inaweza kufuata mfuatano wenyewe, na roboti nyingi za faida ndogondogo hufia hapo.

Udanganyifu mkubwa zaidi ni roboti kuchungulia kesho. Hutokea kimyakimya. Mtu anatumia bei ya juu ya siku kuamua anunue saa nne asubuhi, ilhali mshumaa wa siku hufungwa saa sita usiku kwa saa za UTC, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Mwingine anaandika shift(-1), inayovuta bei ya mshumaa unaofuata, mahali pa shift(1), inayochukua ya uliopita. Mwingine anagawanya safu nzima kwa wastani wa safu nzima, na wastani huo una bei za miaka ambayo roboti haijafika. Freqtrade ina amri ya lookahead-analysis ya kuwinda makosa haya, itumie. Ila hata bila hiyo kuna kipimo cha mkono ninachokiamini: kata data tarehe fulani, mfano 30 Juni 2022, endesha jaribio, hifadhi orodha ya oda. Endesha tena na data kamili. Oda za kabla ya 30 Juni lazima zifanane zote, kwa saa na kwa bei, isipokuwa ile iliyokuwa wazi siku ya mkato. Ikibadilika hata moja nyingine, roboti inaona mbele.

Kingine kidogo: wastani wa mishumaa 200 unahitaji mishumaa mingi ya kutangulia kabla haujatulia. Weka startup_candle_count ya kutosha, la sivyo oda za mwanzo ni takataka.

Soma ripoti kutoka chini kwenda juu

Faida imeandikwa kwa herufi za kuvutia. Iache kwanza.

Angalia idadi ya oda. Roboti iliyoshinda oda 12 kati ya 20 haijathibitisha kitu. Ukirusha shilingi hewani mara 20, kupata kichwa mara 12 au zaidi hutokea karibu mara 1 kati ya 4. Lakini kushinda 120 kati ya 200 kwa bahati tupu hutokea takriban mara 3 tu kati ya 1,000. Asilimia ni ileile 60, uzito ni mbingu na ardhi. Na hata hapo, kushinda mara nyingi si sawa na kupata faida, kama hasara zako ni kubwa kuliko ushindi wako.

Angalia mporomoko mkubwa wa mtaji. Ukipoteza asilimia 20 unahitaji 25 kurudi. Ukipoteza 50 unahitaji 100. Mimi huchukua mporomoko wa kwenye ripoti na kuuzidisha kwa moja na nusu, kisha najiuliza kama ningelala usiku huo. Ripoti ikisema 30, jiandae kwa 45.

Angalia hasara mfululizo. Roboti ya kufuata mwelekeo hushinda mara chache na kupata nyingi kila inaposhinda. Ikishinda mara 4 kati ya 10, ndani ya oda 200 kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba itapigwa mara 8 mfululizo. Hiyo siyo hitilafu. Usipolijua hilo mapema utaizima siku mbaya kuliko zote.

Linganisha na mstari wa Market change, unaoonyesha mabadiliko ya bei za sarafu zenyewe. Kama kununua na kukaa kungekupa zaidi, kwa mporomoko uleule, roboti inakufanyia kazi gani?

Mwisho, ondoa oda tatu bora. Kijana mmoja wa Sakina alikuja na simu mkononi: "Kaka, ona hii, asilimia mia tatu kwa mwaka."

"Dogo, futa oda tatu za juu, halafu jumlisha upya."

Alikaa kwenye kiti akafanya hesabu kwa kalkuleta ya simu, mara ya kwanza, kisha tena. Kilichobaki kilikuwa hasara ndogo. Oda zote tatu zilikuwa za sarafu moja, mwezi mmoja, ilipopaa ghafla. Alikuwa na tukio, akadhani ana mkakati.

Kurekebisha vigezo

Hapa ndipo watu hutumia muda mwingi, na ndipo wanapojidanganya zaidi. Ukijaribu michanganyiko 100 isiyo na maana yoyote, mitano hivi itaonekana mizuri kwa bahati tu kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5. Kadiri unavyojaribu mingi, ndivyo unavyopata mchoro mzuri zaidi na ndivyo roboti inavyokariri soko la jana zaidi. Kwa hiyo rekebisha vigezo vichache, viwili au vitatu, kwa hatua pana.

Kwenye mfano wetu, wastani wa haraka ujaribu 10, 15, 20, 25 na 30. Wa polepole: 50, 75, 100, 125 na 150. Hiyo ni michanganyiko 25. Andika matokeo yote kwenye jedwali la mistari mitano kwa mitano, karatasi ya daftari inatosha, kisha usitafute namba kubwa kuliko zote. Tafuta eneo. Tuseme 20 na 100 zimetoa asilimia 38, na majirani zake wote wanne, juu, chini, kushoto na kulia, wametoa kati ya 30 na 36. Upande mwingine 10 na 75 zimetoa 90, lakini ukisogea hatua moja unakuta 4, ukisogea nyingine unakuta hasara ya 12. Waliopanda Kilimanjaro wananielewa: unataka uwanda wa Shira, ambapo ukikosea hatua bado uko juu. Unachokimbia ni minara ya Mawenzi. Soko la mwakani halitakanyaga palepale lilipokanyaga mwaka jana, litasogea kidogo, na kusogea kidogo ndiko kunakoiangusha roboti ya namba 90.

Freqtrade ina hyperopt, inayojaribu mamia ya michanganyiko yenyewe na kukuletea bora. Sipendi mtu aanze nayo. Inakupa kilele bila kukuonyesha ardhi inayokizunguka. Ukiitumia, chukua jibu lake kama pa kuanzia, kisha tengeneza jedwali la majirani kwa mkono.

Rekebisha kikomo cha hasara mwisho, na kwa kiasi. Kikomo kikibana sana roboti inatolewa na mtikisiko wa kawaida. Kikilegea sana hakina kazi. Ukiona jaribio linapendelea kikomo cha asilimia 7.3 na kukataa 7 na 8, hilo ni kukariri.

Sogeza dirisha

Sasa jaribu kama vigezo vinaishi nje ya darasa, yaani kwenye data ambayo hukuitumia kuvirekebisha. Rekebisha kwa data ya 2020 na 2021, kisha pima, bila kugusa kitu, kwa nusu ya kwanza ya 2022. Sogea miezi sita: rekebisha kuanzia katikati ya 2020 hadi katikati ya 2022, pima nusu ya pili. Endelea hivyo hadi mwisho wa 2023. Unganisha vipande vya kupimia tu, na huo ndio mchoro pekee ambao mimi naukubali kuutazama. Nusu hizo za 2022 zina anguko la LUNA mwezi Mei na la soko la FTX mwezi Novemba, kwa hiyo usitarajie raha. Faida ikipungua ukilinganisha na darasani, ni kawaida. Ikigeuka hasara kwenye vipande vingi, rudi kwenye karatasi ya sentensi nne. Usirudi kwenye vigezo.

Ikipita, fungua data ya 2024 kuja mbele, mara moja. Ikifeli hapo, imefeli. Ukirekebisha na kupima tena kwenye data hiyohiyo, tayari umeshaigeuza kuwa darasa.

Hela za kuigiza, umeme wa kweli

Kwenye config.json weka dry_run kuwa true, na dry_run_wallet iwe sawa na mtaji unaokusudia, siyo dola 10,000 za kujifurahisha. Iache ikimbie wiki nne au zaidi. Huu si wakati wa kupima faida, kwa wiki nne roboti ya polepole haitakuwa na oda za kutosha. Unapima mitambo.

Chomoa laptopu ukutani roboti ikiwa ina oda wazi. Zima data. Acha LUKU iishe kwa makusudi jioni moja. Ikiwaka tena, je, inakumbuka oda yake, au inanunua ya pili? Mtu wa Moshi mwenye laptopu mezani Majengo ajibu swali hili kabla TANESCO haijamuuliza.

Saa ya mashine ni tatizo linalojificha. Laptopu ya zamani yenye betri ndogo ya ubao iliyokufa huwaka na tarehe ya ajabu, na Binance hukataa oda zake kwa kosa namba -1021, maana muda wa ombi hauendani na saa ya soko. Washa usawazishaji wa saa kwa intaneti. Na jizoeze kusoma saa za oda na mishumaa kwenye roboti: ziko kwa UTC, kwa hiyo 08:00 ni saa tano asubuhi kwetu. Mishumaa ya saa 4 hufungwa saa tisa usiku, saa moja asubuhi, saa tano asubuhi, saa tisa alasiri, saa moja jioni na saa tano usiku. Bandika orodha hiyo ukutani, itakuepusha na kulaumu roboti kwa "kuchelewa".

Ukikodi seva, usikodi iliyoko Marekani kwa ajili ya Binance. Itakujibu 451 na kukufungia mlango.

Hela kidogo ya kweli

Tengeneza ufunguo wa API, yaani neno la siri ambalo roboti hulitumia kuifikia akaunti yako sokoni, wenye ruhusa ya kusoma na kufanya biashara tu. Ruhusa ya kutoa hela ibaki imezimwa, siku zote. Funga ufunguo huo kwa anwani ya IP ya seva yako. Mwenye intaneti ya simu atakwama hapa, kwa sababu anwani hubadilika kila mara, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kulipia seva mtaji ukikua. Ufunguo usikae GitHub, wala kwenye picha uliyotuma kwa rafiki akusaidie.

Anza na oda karibu na kiwango cha chini kabisa. Makosa madogo yatajitokeza mara moja. La kawaida ni hili: umenunua ETH 0.01, makato yakakatwa kwenye ETH hiyohiyo, mkononi umebaki na 0.00999. Roboti inaagiza kuuza 0.01 na soko linakataa, salio halitoshi. Weka BNB, sarafu ya Binance yenyewe, kidogo ya kulipia makato; utapata pia punguzo la asilimia 25.

Kikomo cha hasara kikae sokoni, siyo kichwani mwa roboti: stoploss_on_exchange iwe true. Umeme ukikatika, oda hiyo inaendelea kukulinda. Ila ujue mpaka wake. Kwenye soko la papo kwa papo la Binance Freqtrade huiweka kama oda yenye bei ya mwisho, yaani haiuzi chini ya mpaka fulani, na bei ikidondoka haraka kuliko mpaka huo, oda inabaki inaning'inia juu bila mnunuzi. Usiku wa Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, kwetu ilikuwa imeshapita saa sita ya kuamkia Jumamosi, baadhi ya sarafu ndogo zilishuka zaidi ya nusu ndani ya dakika chache kisha zikarudi. Hakuna jaribio la nyuma litakaloonyesha vizuri usiku kama huo. Unaokoka kwa ukubwa wa oda.

Oda ikitumwa na mtandao ukakatika kabla ya jibu, hali yake haijulikani. Aliyeandika roboti yake mwenyewe asitume tena. Aulize kwanza kwa namba ya oda aliyoitengeneza mwenyewe. Na usiendeshe nakala mbili kwenye akaunti moja, ya laptopu "iliyosahaulika" na ya seva. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital huko Marekani ilibadilisha programu kwenye seva zake, moja kati ya nane ikabaki na msimbo wa zamani. Ndani ya takriban dakika 45 ilipoteza karibu dola milioni 440.

Baada ya mwezi, fanya kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Endesha jaribio la nyuma kwa tarehe zilezile roboti ilizofanya kazi, kisha weka orodha mbili sambamba, oda kwa oda. Jaribio linasema ETH ilinunuliwa 2,500.00 mshumaa wa saa tano asubuhi ulipofungwa. Kumbukumbu ya kweli inasema 2,502.10, sekunde nne baadaye. Tofauti ni asilimia 0.084, zaidi ya 0.05 uliyokadiria. Basi rudisha kwenye --fee namba ya kweli na upime mkakati mzima upya. Oda iliyopo upande mmoja na haipo upande wa pili ni habari nzito zaidi: ama roboti inachungulia mbele kwenye jaribio, ama ilikuwa imezimika na hukujua. Usiongeze hata dola moja mpaka kila tofauti iwe na maelezo.

Lini uizime

Andika masharti ya kuzima kabla ya kuongeza mtaji, ukiwa umetulia. Langu ni kwamba mporomoko ukizidi mara moja na nusu ya ule wa majaribio, roboti inasimama. Hasara mfululizo zikipita kiwango cha juu kabisa cha majaribio, inarudi kwenye hela za kuigiza. Freqtrade inaendeshwa kwa Telegram: /status kuona oda wazi, /forceexit all kuzifunga zote, /stop kuisimamisha. Zijaribu zote tatu wakati wa kuigiza, ukiwa barabarani, kwenye daladala, kwa simu yenye chaji asilimia tisa.

Marekebisho yafanyike kwa ratiba, mfano kila miezi sita kama dirisha lako, na si kwa sababu jana ilikuwa mbaya. Badilisha kigezo kimoja kwa wakati, andika tarehe na sababu kwenye faili lilelile la kumbukumbu za oda, na roboti irudi kwenye dry_run wiki mbili kabla ya kurudishwa sokoni.